Siku Moja Mjini Lubumbashi Pamoja na Watoto Wanne

Wazazi wengi wanaokaa katika miji midogo na vijiji vya Katanga huenda Lubumbashi mara kwa mara, lakini huenda peke yao. Huenda kutafuta dawa, kulipa deni, kuuza mahindi au kupeleka karatasi kwenye ofisi, nao hurudi jioni wakiwa wamechoka. Watoto hubaki nyumbani, wakisikia habari za mji kama watu wasikiavyo habari za ng'ambo. Wakiisha kukua huingia humo ghafula, siku ya kutafuta shule au kazi, bila kujua njia wala kujua wamwamini nani. Ndiyo sababu nataka kuwaeleza wasomaji wapenzi jinsi mzazi mwenye watoto wadogo anavyoweza kuwaonyesha mji huo kwa siku moja, kwa fedha kidogo, na mambo ambayo mji wenyewe utawafundisha.

Sisi tunakaa Kipushi, kilometa 30 hivi toka Lubumbashi. Tulikwenda Jumamosi moja ya mwezi wa Oktoba, mama yao akiwa amebaki nyumbani na mtoto mchanga. Nilikwenda na wanne: binti wa miaka kumi na mmoja, ambaye ndiye kifungua mimba; mvulana wa miaka tisa; msichana wa miaka sita; na mvulana mdogo wa miaka minne.

KABLA YA SAFARI

Mzazi anayetaka kuwaonyesha watoto kila kitu hatawaonyesha kitu. Miguu ya mtoto wa miaka minne haina haraka, na macho yake hayaangalii yale ambayo sisi tunayaangalia. Kwa hiyo nilichagua mahali panne tu: kituo cha gari la moshi, nyumba ya makumbusho, bustani ya wanyama na soko la Kenya. Mengine tungeyaona kwa kupita.

Jioni ya Ijumaa niliwakalisha nikawapa sheria tatu. Ya kwanza: kila mmoja ana namba yake, toka moja hadi nne, na kila tushukapo garini au tuvukapo barabara, kila mtu ataje namba yake kwa sauti. Ya pili: anayeona kwamba amepotea asitembee hata hatua kumi. Asimame palepale, kisha amwendee mama muuzaji aliye karibu kuliko wote, amwambie jina lake, jina la baba yake na namba ya simu. Ya tatu: kila swali litapata jibu, lakini jibu litatolewa tukiwa tumeketi. Sheria hiyo ya tatu ina faida mbili: baba hagongwi na gari akieleza mambo, na watoto hupumzika.

Mama yao aliwavika wote nguo za kitenge kimoja cha rangi ya manjano, kilichoshonwa kwa ajili ya sikukuu. Tulichukua maji, mikate, karanga na taulo ndogo. Hatukuchukua kitu kingine.

VICHUGUU NA MLIMA MWEUSI

Barabara ya kutoka Kipushi inapita katikati ya mashamba na vichuguu. Wageni hushangaa wakiona vichuguu vya Katanga, maana vingine vinafikia kimo cha meta 8, na miti mizima imeota juu yake. Mvulana mdogo alidhani ni vilima. Nilipomwambia kwamba vimejengwa na mchwa, chembe moja moja, kwa muda mrefu kupita umri wa babu wa babu yake, alinyamaza akaviangalia kimoja kimoja mpaka shingo ikamchosha. Udongo wa kichuguu ni laini na hushikana vizuri. Watu huuchimba, hufyatua matofali na kuyachoma, nazo nyumba nyingi za mji zimetoka ndani ya vichuguu hivyo. Mvulana wa miaka tisa akacheka, akasema, "Basi watu wanakaa katika nyumba za mchwa." Hakukosea sana.

Tulipokaribia mji, dohani kubwa ya kiwanda cha shaba ikaonekana, na kando yake mlima mweusi usioota hata jani moja. Mlima huo haukuumbwa pamoja na nchi. Ni masalio ya madini yaliyoyeyushwa hapo tangu mwaka 1911: shaba ilitolewa, na kilichobaki kilimwagwa kando, mwaka baada ya mwaka, mpaka kikawa mlima. Tangu miaka ya 2000 masalio yenyewe yanachotwa tena na kuyeyushwa upya, kwa sababu ndani yake mmebaki kobalti, madini yanayotafutwa leo duniani kote kwa ajili ya betri za simu na za magari.

"Baba," akauliza binti mkubwa, "kama huu mlima ni mabaki tu, shaba yenyewe imekwenda wapi?"

Nikamwambia swali hilo lingoje tuketi.

KITUO CHA GARI LA MOSHI

Tulishuka karibu na kituo cha reli. "Moja! Mbili! Tatu! Nne!" Watu waliokuwa wakipita waligeuka wakacheka, na mama mmoja aliyekuwa akiuza maji akauliza, "Papa, batoto bote hawa, mama yabo iko wapi?" Nikamweleza kwamba mama yao amebaki na wa tano. Akatupa baraka zake, na mfuko mmoja wa maji bila kulipa.

Tuliketi kivulini, nami nikatoa jibu la kwanza. Mji huu haukuanza kwa sababu ya ziwa, wala mto mkubwa, wala mashamba. Ulianza kwa sababu ya shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli kutoka kusini, kupitia nchi inayoitwa leo Zambia, ilifika hapa, na mji ukaanzishwa mwaka huohuo kwa jina la Elisabethville, jina la malkia wa Ubelgiji. Mwaka 1966 ukapewa jina la mto mdogo unaopita kando yake, yaani Lubumbashi.

Mvulana wa miaka tisa aliangalia reli, akauliza kama mtu akizifuata atafika baharini. Naam, atafika. Upana wa reli hizi ni milimita 1,067, sawasawa na zile za Zambia na Afrika ya Kusini, na kwa hiyo behewa lililopakiwa Katanga liliweza kwenda mpaka bandari za kusini bila kushushwa mzigo. Mwaka 1928 njia nyingine ilikamilika kwenda kaskazini-magharibi mpaka mto Kasai, pale panapoitwa leo Ilebo. Na mwaka 1931 reli ya Benguela iliunganishwa na Katanga, ikafungua njia ya kwenda Lobito, kwenye bahari ya Angola. Nikamwambia binti mkubwa: "Shaba uliyoniuliza ilipita hapa. Ilikwenda baharini kwa njia hizi."

"Na fedha yake ilirudi kwa njia hizihizi?"

Watoto hawajui maswali madogo na makubwa, huuliza tu. Nikamjibu kwa ukweli niujuao. Sehemu ilirudi: kwayo zilijengwa shule, hospitali, nyumba za wafanyakazi na barabara hizi zilizonyooka. Sehemu kubwa haikurudi. Mwaka 1967 serikali ilichukua kampuni ile, ikawa Gécamines, na kwa miaka mingi maelfu ya jamaa walipata kwake mshahara, unga na masomo ya watoto. Katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Halafu ikaanguka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, ulibomoka. Mwaka 1993 mgodi wa kwetu Kipushi ulisimamishwa. Na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni waliachishwa kazi kwa malipo ya mara moja. Mgodi wa Kipushi ulianza tena kutoa zinki mwaka 2024 tu, chini ya ushirika na kampuni ya kigeni. Binti alisikiliza, akahesabu kwa vidole. "Miaka thelathini na mmoja," akasema. "Watu walikula nini?" Nikamwambia walilima, waliuza, walihama, na wengine waliteseka sana. Hilo nalo ni sehemu ya habari za mji.

BARABARA ZILIZONYOOKA NA KANISA LA MATOFALI

Katikati ya Lubumbashi barabara zilichorwa kwa rula, zikikatana kama mistari ya daftari la hesabu. Kwa mtoto hiyo ni neema. Nilimwachia mvulana wa miaka tisa atuongoze: mitaa miwili mbele, mmoja kushoto. Mtoto aliyepewa kuongoza haburuti miguu tena. Mijakaranda ilikuwa imechanua, na maua yake ya zambarau yalitapakaa chini hata msichana wa miaka sita akakataa kuyakanyaga. Ilitubidi tumsubiri ayazunguke.

Tulipumzika katika kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, lililojengwa kwa matofali mekundu. Ndani mna baridi nzuri, na benchi za mbao hazidai malipo. Mvulana mdogo alilala juu ya magoti yangu robo saa. Mzazi mwenye akili hujua mapema mahali pa kumlaza mdogo, kwa maana mtoto akinyimwa usingizi wa asubuhi, jamaa nzima hulipa alasiri.

MISALABA ILIYO MIKUBWA KWA UMRI KULIKO MISHENI

Katika makumbusho ya taifa tulitazama vitu vichache kwa muda mrefu. Msichana wa miaka sita alipoona vipande vya shaba vyenye umbo la msalaba, alifanya ishara ya msalaba. Hakuna aliyemcheka, lakini ilinibidi nimweleze kwamba misalaba hii si ya kanisa. Ni ya kale kuliko misheni zote za nchi hii. Wahenga wa Katanga waliyeyusha shaba kwa mamia ya miaka kabla ya Mzungu wa kwanza kufika, wakaimimina katika vifuu vya umbo hilo, na misalaba hiyo ikatumika kama fedha, ikalipiwa mahari na biashara. Katika makaburi ya kale ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu waliochimba mwaka 1957 na 1958 waliikuta imelazwa pamoja na wafu.

Walifanyaje kazi hiyo? Walitafuta jiwe la kijani, malakiti, ambalo kila mtoto wa Kipushi amewahi kuokota. Walilichoma kwa makaa ya mbao katika tanuru dogo, wakipuliza moto kwa mivukuto ya ngozi. Na tanuru lenyewe walilijenga kwa udongo wa kichuguu. Hapo mvulana mdogo, aliyekuwa ameamka na nguvu mpya, akapaza sauti: "Mchwa tena!" Mlinzi akamwekea kidole mdomoni, naye akacheka pia.

Askofu Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikto aliyefika Katanga mwaka 1910, aliandika habari za wayeyushaji hao mwaka 1926, akawaita kwa Kifaransa wala-shaba, yaani watu walioishi kwa shaba. Na si wenyeji tu waliovutwa na shaba. Bayeke wa mfalme Msiri, aliyeuawa mwaka 1891 huko Bunkeya, asili yao ni Usumbwa, katika nchi iitwayo leo Tanzania. Nao walikuja wakifuata biashara ya shaba na pembe. Baadaye migodi iliita wafanyakazi kutoka Maniema, Kasai, Rwanda na Zambia ya leo. Watu wa lugha nyingi hivyo walihitaji lugha moja ya kazi, na Kiswahili kikashika. Kwa hiyo nilipowaambia watoto kwamba hata maneno wanayosema yaliletwa na shaba, sikutia chumvi.

CHAKULA CHA MCHANA NA SOKWE YATIMA

Tulikula saa sita kamili, kabla ya njaa kugeuka machozi: bukari, sombe na samaki, sahani mbili kubwa kwa watu watano. Baada ya kula tulikwenda polepole mpaka bustani ya wanyama.

Wengi hudhani kwamba huko mtoto atampenda simba kwanza. Watoto wangu walimtazama simba dakika mbili, maana alikuwa amelala. Waliokaa mioyoni mwao ni sokwe. Ndani ya bustani kuna nyumba ya kuwatunza sokwe yatima, iliyoanzishwa mwaka 2006, ijulikanayo kwa jina la J.A.C.K. Wawindaji humwua mama wa sokwe ili kumpata mtoto aliyemshikilia kifuani, kisha humwuza mtoto huyo kwa siri, ingawa sheria inakataza. Serikali ikiwanyang'anya wezi wale wanyama, wadogo hao huletwa hapa. Wanapofika huwa wagonjwa na wenye hofu. Hawawezi kuishi bila mtu wa kuwabeba mchana na usiku. Hata hapa hawakusalimika kabisa: mwezi wa Septemba 2022 wezi waliiba sokwe wadogo watatu, wakadai fedha ili wasiwaue.

Binti mkubwa alisikiliza haya akiwa ameketi, kama sheria ilivyosema, na mdogo wake wa miaka sita akiwa ameegemea bega lake. Hakuuliza lolote.

KAMALONDO NA SOKO LA KENYA

Alasiri tulipita Kamalondo, ambayo ni mtaa wa zamani kuliko mitaa mingine ya Waafrika mjini. Hapo upo uwanja wa mpira wa TP Mazembe, uliofunguliwa mwaka 2011. Timu hiyo ilianzishwa na Wabenedikto mwaka 1939, nayo imekuwa bingwa wa vilabu vya Afrika mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Mwezi wa Desemba 2010 ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya kombe la dunia la vilabu. Ilishindwa na Inter ya Milano mabao 3 kwa 0, lakini Lubumbashi haijasahau jinsi ilivyofika huko. Mvulana wa miaka tisa, ambaye alikuwa bado hajazaliwa wakati huo, aliketi chini mbele ya ukuta wa uwanja akarukaruka kwa makalio, kama alivyokuwa akifanya kipa Robert Kidiaba kila timu ilipofunga. Suruali yake ilibeba vumbi la Kamalondo mpaka nyumbani.

Kisha tukaingia soko la Kenya. Mvulana mdogo aliuliza kama tumevuka mpaka. Nikamwambia Kenya hii ni komini moja tu kati ya saba za Lubumbashi. Tulitaka kununua madaftari na sabuni, na kurudi. Soko lilikuwa limejaa: samaki wakavu, chikanda, maharagwe, mitumba, ndoo za munkoyo, na watu wakipita bega kwa bega.

Mkokoteni wenye mifuko ya saruji ulipita kwa nguvu, watu wakasukumana huku na huku. Ulipokwisha kupita niliita hesabu.

"Moja." "Mbili." Kimya. "Nne."

Wasomaji wapenzi, mzazi mwenye mtoto mmoja aliyepotea hukimbia. Mzazi mwenye wanne hawezi kukimbia, maana akimfuata mmoja atawapoteza watatu. Niliwasimamisha watatu ukutani, nikawaambia washikane mikono, nasi sote tukaita jina la msichana. Mama aliyekuwa akiuza mahindi kando yetu aliangalia nguo zao, akasimama juu ya kigoda chake, akapaza sauti kwa jirani yake: mutoto wa kitenge ya manjano! Jirani akampasha aliyefuata. Nilisikia neno hilo likienda mbali nasi, kutoka meza hata meza, mpaka sikulisikia tena. Sijui zilipita dakika ngapi. Binti mkubwa alikuwa akisali kwa sauti ndogo, na mvulana wa miaka tisa, ambaye hupenda kucheka, hakucheka.

Ndipo akaja mvulana mwembamba, wa miaka kumi na miwili hivi, miguu mitupu, gunia tupu begani. Akasema, "Papa, kuko mutoto moya kule, anavaa kitenge sawa cha hawa." Tulimfuata sote, tumeshikana. Msichana alikuwa ameketi juu ya gunia, nyuma ya meza ya mama muuza chikanda, karibu sana na mahali alipotuacha. Hakutembea hata hatua kumi. Alikuwa amekwisha kumtajia mama yule jina lake na langu, lakini namba ya simu ilikuwa imempotea katikati, naye alikuwa akianza tena toka mwanzo, kwa bidii, huku machozi yakimtoka.

Nilimshukuru mama yule, akakataa kitu. "Iko mutoto wetu," akasema.

SWALI LA BINTI MKUBWA

Mvulana yule mwembamba hakuomba fedha. Aliuliza kama tuna mzigo wa kubeba. Tulikuwa na madaftari na sabuni tu, lakini nikampa, akavibeba mpaka mahali pa magari ya Kipushi. Tulinunua vitumbua tukala sote pamoja. Binti mkubwa akamwuliza anakaa wapi. Akaonyesha soko kwa kidevu.

Alipokwenda kando kunywa maji, binti akaniambia, "Baba, sokwe wasio na mama wana nyumba yao, na watu wa kuwabeba. Huyu je?"

Tulikuwa tumeketi, jibu lilikuwa haki yake. Nikamwambia kwamba mjini kuna nyumba iitwayo Bakanja, ya Wasalesiani wa Don Bosco, ambako watoto wa barabarani hupokewa, hulala, hula na kusoma. Mvulana alisikia jina hilo akirudi. "Ninapajua," akasema. "Nilikaa kule, nikatoka." Binti akamwuliza kwa nini alitoka. Akacheka kidogo, akaufuta mdomo kwa mkono, wala hakujibu. Nilimlipa kazi yake, nikamwambia kwamba mlango wa pale hufunguliwa tena hata kwa aliyetoka. Akaitikia kwa adabu, "Ndiyo, Papa," akachukua gunia lake, akaondoka kumfuata mama mmoja mwenye mfuko wa unga.

Garini watatu wadogo walilala kabla hatujaupita mlima mweusi. Binti mkubwa hakulala. Aliniuliza kama yule mvulana ni mtoto wa mmoja wa watu walioachishwa kazi. Nikamwambia anaweza kuwa mjukuu wa mmoja wao, au mtoto wa mkimbizi wa vita, au wa jamaa iliyovunjika. Hatukumwuliza, na si vema kumtungia mtu habari zake. Akafikiri, kisha akasema kwamba tukirudi atamletea shati, lakini atamtafutaje katika soko lile? Nikamwambia tutamwuliza mama wa chikanda. Wauzaji wa soko hujua watoto wao.

KWA WAZAZI WATAKAOFUATA NJIA HII

Ndugu wazazi, baadhi yenu mtasema kwamba fedha ya safari ingenunua unga. Ni kweli, na mwenye nyumba ajue kwanza hali ya chungu chake. Lakini anayeweza kwenda mara moja tu kwa mwaka, na aende, akishika haya machache.

Mchague mahali pachache, na katikati yake mahali pa kuketi bila malipo. Mle kabla ya njaa. Mwende soko mwishoni, mkijua tayari mtakachonunua, msiingie humo kutazamatazama. Muwavike watoto nguo moja: kitenge cha manjano kilifanya kazi zaidi kuliko macho yangu. Muwafundishe namba ya simu kwa wimbo, maana namba iliyoimbwa haikatiki katikati mtoto akiogopa. Hilo tumekwisha kulianza nyumbani. Na kama ni msimu wa mvua, toka Novemba hata Aprili, mtoke alfajiri, kwa sababu mvua za Katanga hupenda kunyesha alasiri.

Zaidi ya hayo, msiwafiche watoto upande wowote wa mji. Muwaonyeshe reli na muwaambie kilichopita juu yake. Muwaonyeshe uwanja wa mpira, na watoto wanaolala sokoni pia. Mtoto aliyeona yote mawili akiwa ameshika mkono wa mzazi wake hataogopa mji atakapoingia peke yake, wala hatampita mtu kana kwamba ni jiwe. Sisi tumepanga kurudi mwezi wa Mei, mvua zikiisha. Shati limekwisha kufuliwa, limekunjwa, nalo lipo juu ya kabati.